Akigonga Mara Mbili, Achilia

Maneno tuliyoyasema mbele ya mkutano mkuu wa chama, Mambasa. Tumeyaandika hapa kwa ajili ya wanachama waliokuwa shambani au safarini siku ile.



Komite ilituita juu ya swali moja, nasi hatutalizunguka. Swali ni hili: kikundi cha judo na jiu-jitsu cha watoto wenu kiendelee ao kifungwe? Tangu siku ile kijana mmoja alipoumia mkono, maneno yamekuwa mengi. Mama mmoja alitusimamisha njiani, karibu na soko, akatuuliza: "Nyinyi munafundisha batoto kupigana, vita haijabatosha?" Hatukuwa na jibu la haraka. Lile swali ni la haki, na leo tunajaribu kulijibu pole pole.

Kwanza tuseme kilichotokea, juu kila avenyu iko na hadithi yake. Ilikuwa Jumamosi mchana. Vijana wawili walikuwa wanafanya mazoezi ya chini, yule mmoja akapata mkono wa mwenzake na kuunyoosha. Aliyeshikwa aligonga kwa mkono wa pili, mara mbili, kama tunavyofundisha. Kugonga ni kusema "inatosha, nimekubali". Mwenzake hakuachilia. Vijana waliosimama pembeni walikuwa wanapiga kelele za kumsifu. Sisi tunaofundisha tulikuwa tumeinamisha vichwa, tunaandika majina ya waliofika. Tulipoinua macho, kiwiko kilikuwa kimeshaumia.

Muganga alisema mfupa haukuvunjika, lakini mishipa imevutika, asishike jembe kwa wiki 6. Wiki 6 wakati wa kupanda karanga, nyinyi wote munajua maana yake kwa nyumba ya mama mjane.

Na kuna jambo jingine ambalo wengi wenu munalijua, hata kama hamlisemi mbele ya watu. Familia za wale vijana wawili ziko na mashindano ya kiwanja. Moja ilikimbia, ikarudi, ikakuta wengine wamejenga. Wale waliojenga nao walikuwa wamenunua kwa mtu, wakiamini ni kwa haki. Faili iko kwa chefu wa kartie na kwa komite yetu ya upatanisho. Kwa hiyo kiwiko kilipoumia, watu hawakukiona kama kiwiko. Walikiona kama kiwanja.

Tunakubali kosa. Hatukuja hapa kusema "ni watoto tu". Lakini ili mjue kosa letu lilikuwa wapi, mtuvumilie kidogo tuwaeleze huu mchezo ni kitu gani, ulitoka wapi, na mwanafunzi anajifunza namna gani. Baada ya hapo mtaamua.

Huu mchezo ulitoka Japani. Mwaka 1882 mwalimu mmoja anayeitwa Jigoro Kano alifungua shule yake Tokyo, inaitwa Kodokan. Alichukua njia za zamani za kupigana bila silaha, akaondoa zile zilizoumiza watu bila faida, akabakiza zile ambazo mtu anaweza kuzifanya kwa nguvu zake zote na mwenzake, kisha wote wawili warudi nyumbani wazima. Akaita judo. Alikuwa na kanuni mbili. Ya kwanza, kutumia nguvu vizuri bila kuipoteza. Ya pili, kufaidika pamoja: mimi nipate na wewe upate. Katika chama kama hiki chetu, cha likelemba na kusaidiana, kanuni ya pili hatuhitaji kuieleza sana. Hakuna mtu anayejifunza judo peke yake. Lazima mwenzako akukopeshe mwili wake ujifunzie, na kesho wewe umkopeshe wako.

Mwanafunzi mmoja wa ile shule, Mitsuyo Maeda, alitoka Japani mwaka 1904, akazunguka nchi nyingi akishindana. Mwaka 1914 alifika Brazil, na baadaye akakaa Belém, mji wa kaskazini, fasi ambapo mto Amazon unaingia baharini. Belém iko karibu na mstari wa ikweta kama sisi, kwenye joto na mvua na misitu kama hapa kwetu. Huko akamfundisha kijana Carlos Gracie, na Carlos akafundisha ndugu zake. Mdogo wao Hélio alikuwa na mwili mwembamba, hakuweza kuinua watu wakubwa. Akatia bidii kwenye mapigano ya chini, ambako mtu mdogo aliyelala mgongoni anaweza kujilinda kwa miguu na kiuno, akingoja mkubwa achoke ao akosee. Ndiyo hiyo watu wanaiita jiu-jitsu ya Brazil. Judo na jiu-jitsu ni watoto wa tumbo moja. Judo inapenda kusimama na kumwangusha mtu. Jiu-jitsu ya Brazil inapenda kukaa chini muda mrefu.

Sisi tunachanganya yote mawili, juu ndivyo tulivyofundishwa. Mmoja wetu alijifunza judo akiwa chuoni Kisangani, mwingine alijifunza jiu-jitsu Nairobi. Hakuna kati yetu mwenye mkanda mweusi. Tunasema wazi ili mtu asidhani kuna bingwa hapa. Sisi pia ni wanafunzi. Tuko mbele ya watoto wenu kwa hatua chache tu.

Hatuna tatami za kununua. Tatami ni ile mikeka minene ya kuangukia. Tulishona mifuko, tukaijaza maranda kutoka kwa mafundi wa mbao, tukaipanga, tukatandika bashi juu yake na kuikaza kwa kamba. Mvua ikiingia, maranda yanashikana yanakuwa magumu kama ubao, inabidi kumwaga na kujaza upya. Kazi hiyo wanafanya wanafunzi wenyewe. Badala ya kimono, mama mmoja fundi cherehani alishona koti nzito za mitumba, akazikaza kola, juu kola ndiyo kila mtu anashika.

Sasa, mwanafunzi anajifunza nini?

Kitu cha kwanza ni kuanguka. Wiki za kwanza hakuna kumwangusha mtu. Ni kuanguka tu: kuingiza kidevu kifuani ili kichwa kisigonge chini, kukunja mgongo, kupiga mkeka kwa mkono mzima ili nguvu ya kuanguka isambae. Usinyooshe mkono nyuma kujizuia, ndivyo watu wanavyovunjika. Watoto wanachoka nalo haraka, wanataka kutupa watu kama kwenye filamu. Lakini hilo ndilo somo ambalo linabaki hata mtoto akiacha mchezo. Kijana mmoja aliteleza na moto kwenye matope njia ya Komanda, akatuambia alianguka kama kwenye mifuko ya maranda, akaamka na michubuko tu.

Kitu cha pili ni kukaa chini ya mtu bila kuogopa. Mwenzako amekukalia kifuani, uzito wake wote uko juu yako. Mwanafunzi mpya anafanya nini? Anasukuma kwa mikono, anazuia pumzi, anapiga miguu ovyo. Baada ya dakika moja amekwisha. Tunamfundisha: pumua. Rudisha viwiko karibu na mbavu. Funga mkono na mguu wake wa upande mmoja asiweze kujizuia, halafu inua kiuno juu na ugeuke upande huohuo. Ikishindikana, sogeza kiuno pembeni kidogo, ingiza goti, sogeza tena. Hautoki mara moja. Unatoka kidogo kidogo.

Kuna binti mmoja kati yetu, anauza ndizi na mamake asubuhi, mchana anakuja. Miezi 3 ya kwanza hakumshinda mtu hata mara moja. Angekuwa mwingine angeacha. Yeye alikuwa na kijitabu cha shule, kila siku akifika nyumbani anaandika swali moja tu. Siku moja aliandika: "Kwa nini mkono wangu wa kuume unashikwa kila mara?" Wiki ile yote hakujali kushinda, alilinda ule mkono tu. Wiki iliyofuata aliandika swali lingine. Sasa wavulana wenye kilo nyingi kumpita wanamshika, hawamalizi. Hatujui kama atakuwa bingwa. Lakini tumejifunza kwake kwamba anayetafuta kushinda kila siku anarudia lile analolijua tayari, na yule anayekubali kushindwa kwa swali moja anaongeza kitu.

Ndiyo maana tunawaambia wazazi: usimuulize mtoto "leo ulishinda?" Muulize "leo ulijifunza nini?" Mazoezi hayana mshindi. Na tena msimwulize kila mwezi juu ya mkanda. Katika jiu-jitsu ya Brazil mkubwa anaanza na mkanda mweupe, halafu bluu, zambarau, kahawia, mweusi. Shirikisho kubwa la kimataifa la mchezo huu linataka mtu abaki angalau miaka 2 kwenye bluu kabla ya zambarau. Kufika mweusi mara nyingi ni karibu miaka 10. Mtu akikuahidi mkanda mweusi kwa miezi 6, anataka pesa yako tu.

Kitu cha tatu ni kugonga. Ukishikwa mkono ukanyooshwa, ao shingo ikakabwa, usingoje uchungu. Gonga. Gonga mwili wa mwenzako ili asikie, si mkeka tu. Mikono yote ikishikwa, gonga kwa mguu, ao piga sauti. Kugonga mapema si aibu. Anayegonga leo anarudi kesho kufanya mazoezi. Anayeona haya anakaa nyumbani wiki 6.

Hata wakubwa wa mchezo walijua ugumu wake. Mwaka 1951, kwenye uwanja wa Maracanã, Rio de Janeiro, yule Hélio Gracie alipambana na Mjapani Masahiko Kimura, mtu mzito na mwenye nguvu kumpita. Kimura alimshika mkono akaukunja nyuma. Hélio hakugonga. Mkono ulikuwa umeshaumia, bado hakugonga. Kaka yake Carlos aliyekuwa pembeni ndiye alitupa taulo kusimamisha. Mpaka leo namna ile ya kukunja mkono inaitwa kwa jina la Kimura. Watu wengi wanasimulia hadithi hii kusifu moyo wa Hélio. Sisi tangu ile Jumamosi tunamwangalia Carlos. Aliyekuwa pembeni ndiye aliona, na ndiye alisimamisha. Kwetu siku ile, waliokuwa pembeni walikuwa wanashangilia, na wenye kazi ya kusimamisha walikuwa wanaandika majina.

Hapa ndipo tunafika kwenye kosa lenyewe. Tulipomwita yule kijana aliyeshika, hakudanganya. Alisema: "Aligonga, niliisikia. Nilitaka paka na yeye asikie uchungu kidogo." Tulikaa kimya. Tulianza kujiuliza: kwa miezi 4 tumemfundisha huyu mtoto kunyoosha mkono wa mtu. Tumemrekebisha magoti, tumemrekebisha kiuno, tumerudia mara mia. Kuachilia tulimfundisha siku ngapi? Siku moja. Siku ya kwanza tulisema "mwenzako akigonga, achilia", tukaendelea. Tulidhani kuachilia kunakuja kwenyewe. Kumbe hakuji. Mtu aliyebeba hasira ya nyumbani akishika mkono wa yule anayelala katika kiwanja anachokiita chake, vidole havifunguki kwa sababu ya sentensi moja.

Tulitafuta tuone kama wengine walipitia njia hii kabla yetu. Tukakuta ndugu zetu wenyewe. Wengi wenu mlisikia majina ya Popole Misenga na Yolande Mabika. Wote wawili walizaliwa Bukavu. Vita iliwatenganisha na familia zao wakiwa watoto. Popole alikaa msituni siku 8 kabla ya kupatikana. Wote wawili walipelekwa Kinshasa, wakajifunza judo katika vituo vya watoto waliohamishwa na vita. Judo iliwapa watu wa kuishi nao, iliwapa saa ya kuamka na sababu ya kuamka. Lakini wao wenyewe wamesimulia upande mwingine pia: kwamba mchezaji akishindwa aliadhibiwa, alifungiwa, alipewa chakula kidogo. Fikirini mtoto anayejifunza namna hiyo. Akishikwa mkono, atagonga? Na akimshika mwingine, ataachilia, akijua kushindwa ni kulala njaa?

Mwaka 2013 walikwenda Rio de Janeiro na timu ya Kongo kwa mashindano ya dunia ya judo. Hawakurudi. Waliomba ukimbizi kulekule Brazil, wakaishi maisha magumu, lugha hawajui, kazi ni za kubahatisha. Baadaye walipokelewa katika shule ya judo inayoitwa Instituto Reação, ambayo ilianzishwa na Flávio Canto, mtu aliyepata medali ya shaba katika Olimpiki ya 2004, ili kufundisha watoto wa mitaa maskini ya Rio. Mwalimu wao alikuwa mzee Geraldo Bernardes, aliyewahi kufundisha timu ya taifa ya Brazil. Huyo mzee alieleza kwamba walifika na ukali mwingi, wanafanya mazoezi kama walio vitani. Ilibidi wajifunze tena kwamba mtu aliye mbele yako kwenye mazoezi ni mwenzako, na kwamba hakuna atakayewaadhibu wakianguka. Watu waliokuwa wamecheza judo miaka mingi walirudi kusoma somo la kwanza!

Mwaka 2016 wote wawili waliingia katika timu ya kwanza ya wakimbizi kwenye Michezo ya Olimpiki, palepale Rio. Timu ilikuwa na watu 10. Watano walikuwa wakimbiaji wa Sudan Kusini waliotoka kambi ya Kakuma, Kenya. Yolande alishindwa katika pambano lake la kwanza. Popole alishinda la kwanza, dhidi ya Avtar Singh wa India, kisha akashindwa na Gwak Dong-han wa Korea Kusini, aliyekuwa bingwa wa dunia wa 2015. Hakuna medali. Lakini uwanja mzima wa Brazil ulimshangilia mtoto wa Bukavu. Popole alicheza tena na timu ya wakimbizi Tokyo, mwaka 2021.

Hatusemi watoto wa Mambasa watakwenda Olimpiki. Tukisema hivyo tutakuwa tunawauzia upepo. Tunachosema ni kwamba mchezo huu peke yake haumfanyi mtu kuwa mwema wala mubaya. Mchezo ule ule, ukifundishwa kwa kufungia watu, unazaa ukali. Ukifundishwa kwa subira ya yule mzee, ukali unapungua. Hata Goma, tangu 2014, watoto waliotoka katika vikundi vya silaha walifundishwa capoeira, mchezo mwingine wa Brazil, kwa msaada wa UNICEF na ubalozi wa Brazil. Watu wazima walichagua kuwapa watoto wale mchezo wa kupigana, juu walijua mtoto aliyeona vita ana mwili unaotaka kutoa kitu. Ukimwambia "kaa kimya, sahau", mwili hausahau. Kwa hiyo swali letu si kama watoto watafundishwa kutumia nguvu. Msituni kuna wengine wako tayari kuwafundisha, na wale hawana kugonga.

Mama wa sokoni, kama uko hapa, hilo ndilo jibu letu kwako. Si jibu kamili, lakini ni lile tuliloweza.

Sasa tueleze tulichofanya tangu siku ile.

Kikundi tulikisimamisha wiki 3. Gharama ya muganga tulilipa kwa mfuko wetu sisi tunaofundisha, hatukugusa kasha la chama. Shamba la yule mama lilibaki. Komite ilishauri tutoe mikono. Tukaenda watu 9, walimu na wanafunzi, asubuhi mbili, tukalima na kupanda. Kidole kimoja hakivunji chawa. Siku ya kwanza kijana aliyeumiza hakuja, na hatukumwita. Siku ya pili tulimkuta ameshafika na jembe lake, anaanzia upande wa mbali. Yule aliyeumia alikuwa amekaa chini ya mti anachambua mbegu kwa mkono mmoja. Hawakuongea. Saa sita mama yule alipika mihogo na sombe, akaweka sahani za wote, na ya yule kijana pia. Alikula, akaaga, akaenda. Hatuongezi kitu hapo. Kiwanja bado kiko kwa chefu wa kartie, na sisi hatuna mamlaka ya kukimaliza.

Ikiwa mkutano huu utatukubalia kuendelea, tutafundisha kwa namna nyingine. Tumekwisha kuandika haya na kuyabandika ukutani:

Moja. Kuachilia kutafundishwa kila siku, kama kuanguka. Mwanafunzi akipata mkono ao shingo ya mwenzake, asimame hapo, ahesabu moja mpaka tatu bila kuongeza nguvu, aachilie mwenyewe hata kabla ya kugongwa, waanze upya. Anayeweza kushika na kuachilia mara kumi amejua zaidi ya yule anayeweza kuvunja mara moja.

Mbili. Watoto chini ya miaka 15 hawatakunja viwiko wala kukaba shingo kabisa. Wataanguka, wataangusha, watashikana chini, watajitoa. Hayo yanatosha kwa miaka.

Tatu. Hakuna mapambano bila mtu mzima mmoja ambaye kazi yake ni kuangalia tu. Haandiki, hapokei simu. Na kila aliye pembeni, hata mtoto, ana haki ya kusema "simama", na wote watasimama.

Ine. Asiyeachilia anapogongwa anarudi kwenye kuanguka mwezi mzima. Hatumfukuzi. Tukimfukuza, tunampa nani?

Tano. Familia zenye mashindano, watoto wao wataanza pamoja kwa kuanguka na kuinuana tu, mpaka sisi na wazazi wa pande zote mbili tuone wako tayari. Mwanzoni tulijisifu kwamba wale wawili wanacheza pamoja. Tulifurahia picha kabla ya kazi. Hilo tunaliombea msamaha mbele ya familia zote mbili.

Sita. Kucha zikatwe, koti zifuliwe, mwenye upele akae nje mpaka apone. Saa ya kufunga ni kabla ya giza, juu ya usalama wa njia.

Tunaomba pia wazazi wawili, mama mmoja na baba mmoja, wachaguliwe na mkutano huu wawe wanakuja bila kutuambia siku gani. Waangalie, waripoti kwa komite. Wakiona tumerudia uzembe, wafunge mlango, hatutabishana.

Neno la mwisho. Wengi wetu hapa tulikimbia. Wengine 2002, wakati wa operesheni ya kijeshi iliyoitwa Effacer le tableau, wengine miaka hii ya karibuni, wengine mara mbili, mara tatu. Kila tuliporudi tulikuta kitu mikononi mwa mtu mwingine: kiwanja, shamba, mabati, kazi. Na wengine walikuta sisi ndio tumeshika chao. Tumejua vizuri kushika. Hatukuwa na fasi ya kujifunza kuachilia bila kuona kama tumekufa. Juu ya mifuko ya maranda, mtoto anashika, anagongwa, anaachilia, anaona bado yuko mzima, wanaanza tena. Anafanya hivyo mara ishirini kwa mchana mmoja. Kama hilo litamsaidia siku moja mbele ya chefu wa kartie, hatujui. Sisi tunaomba tu apewe muda wa kulifanya.

Kijana aliyeumia, muganga amemruhusu kuanza mazoezi mepesi mwezi ujao. Tulimuuliza kama atarudi. Alituuliza kama yule mwingine atakuwapo. Tukasema hatujui, mkutano ndio utaamua. Akafikiri, akasema: "Akikuja, muniweke naye. Lakini kwa kuanguka kwanza."

Bwana Prezida, tumemaliza. Uamuzi ni wenu.